Maji Yaliyomezwa na Shimo la Baba Mdogo

Kwa miaka mingi niliamini kwamba fahali mmoja alitumbukia katika shimo la mawe hapa Tabaka akatokea Ziwa Victoria akiwa mzima. Sikuamini nusunusu, kama watu wanavyoamini utabiri wa hali ya hewa. Niliamini kabisa, nikamtetea fahali huyo dukani, kanisani na hata hospitalini nilipokuwa nang'olewa jino, mdomo umejaa pamba. Kwa jinsi nilivyosimuliwa, fahali alizama siku ya mvua kubwa, akasafiri chini kwa chini akipita vilima vyote vilivyo kati yetu na ziwa, akaibuka kwa majirani zetu wa ufuoni akiwa amelowa, amenenepa, na omena wawili wamemkwama sikioni. Wenye kupenda chumvi walidai kwamba baada ya hapo alikataa nyasi. Mimi si mtu wa chumvi. Nilichoongeza ni kwamba ilibidi aitwe kwa Kijaluo ndipo ageuke.

Aliyenisimulia ni Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu. Baba Mdogo ana shimo lake la kuchimba jiwe la sabuni, juu kidogo ya boma letu, na kando ya shimo ana kibanda cha mabati anamochonga viboko, tembo, bakuli na vinara vya mishumaa. Ana mikono mikubwa kiasi kwamba akikusalimia unahisi umewekwa mfukoni. Ushahidi wake kuhusu fahali ulikuwa shimo lenyewe. Mashimo ya wenzake mvua ikinyesha yalijaa maji yakawa makao ya vyura mpaka kiangazi. La kwake maji yaliingia, yakazungukazunguka kwenye ufa ulioko pembeni chini kabisa, na kufikia kesho yake yalikuwa yametoweka.

"Yanaenda wapi, Baba Mdogo?" nilikuwa nikimuuliza.

"Kulekule alikoenda fahali."

Jibu hilo lilinitosha utoto wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima. Huenda lingenitosha hadi leo, kama isingekuwa habari ya chemchemi ya Mama.

Chemchemi hiyo iko chini ya mteremko, ng'ambo ya migomba yetu. Wazee wa zamani waliijengea kaukuta ka mawe na saruji, wakachomeka bomba, na maji yakawa yanatoka unene wa mkono wangu. Sawa, unene wa kidole gumba, lakini kidole gumba cha Baba Mdogo. Halafu yakaanza kupungua. Kwanza bomba likawa linatoa maji kama ya birika. Baadaye likawa kama uzi. Mwisho mtu akiweka mtungi pale aliweza kwenda kuchuma mboga za chinsaga, akazichambua, akazipika, akarudi akakuta mtungi bado unasema tup, tup, tup.

Maji mengine ya karibu ni ya mtoni, na karibu hapo ni neno la adabu tu. Njia yake ina mwinamo ambao mbuzi wenyewe huketi katikati kupumua. Mama ana goti bovu. Alishuka na kupanda na mtungi mgongoni muhula mzima, goti likafura kama papai, na jioni moja akaniambia, bila kulalamika, huku akilikanda kwa maji ya chumvi:

"Haya maji yakikatika kabisa, nitahamia Keroka kwa dada yako."

"Mama, wewe huwezi kukaa Keroka. Malori yatakuzuia kulala."

"Nitalala mchana. Hapa nitakunywa nini? Na dada yako ni mtoto wangu, hawezi kunifukuza. Ila nitakuwa mgeni. Nitaomba chumvi kwa mtu."

Mama yangu ameishi katika nyumba ile tangu alipoletwa kama bibi harusi. Aliijenga na Baba, akamzika Baba pale nyuma, na migomba yake anaijua mmojammoja kama watu wanavyowajua wajukuu. Kumwambia akaombe chumvi jikoni kwa mtu mwingine, hata kama ni binti yake, ilikuwa kama kumwambia kiti chake kiondolewe kanisani. Nikaapa moyoni kwamba hataondoka. Shida ni kwamba nilikuwa sina hata fununu ya mahali maji yalikoenda.

Wakati huo nilikuwa nikisoma shule ya jioni mjini Kisii. Mchana niliuza misumari na saruji katika duka la vifaa vya ujenzi, na kazi ikiisha niliingia katika darasa la kukodi lenye madawati ya watoto wa shule ya msingi. Magoti yangu yalifika usawa wa masikio. Tulikuwa watu wazima tupu, mlinzi, wasusi, mwenye bucha, na mimi niliyejiona kama chuo kikuu kimenikosa kwa ajali tu. Kitabu cha jiografia kilikuwa cha Kiingereza, maelezo ya mwalimu yalikuwa ya Kiswahili, na mshangao wangu ulikuwa wa Kigusii.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa ufuoni, aliyeletwa Kisii na kazi. Hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akiandika ubaoni kwa herufi zilizosimama wima kama askari, na ukimwuliza jambo alikujibu hilo hilo tu, hakuongeza hata nukta. Siku moja akainua kipande cha chaki.

"Hii ya ubaoni siku hizi hutengenezwa kwa kitu kingine," alisema. "Lakini iko nchi ambako chaki ni mwamba. Vilima vizima. Mwamba mweupe, laini, uliotokana na magamba ya viumbe vidogo vya baharini."

Mwamba mweupe, laini! Nilikaa wima mpaka dawati likalia.

Akaendelea. Mvua ikianguka huchukua hewa fulani angani na udongoni, ikawa na uchachu kidogo, uchachu usioweza hata kuusikia ulimini. Maji hayo yakipita kwenye nyufa za chokaa au chaki huyeyusha mwamba kidogokidogo, mpaka ufa unakuwa mfereji, na mahali pengine mfereji unakuwa pango. Kuna vijito vinavyotembea juu ya ardhi vikafika kwenye shimo, vikamezwa, na maji yake yakatokea mbali kwenye chemchemi. Zamani, akasema, watu waliotaka kujua maji yanaelekea wapi walimwaga makapi ya nafaka au rangi kwenye shimo, wakaenda kungoja upande wa pili.

Nilikuwa nusura niruke dirishani kwa furaha. Kumbe fahali hakuwa uzushi! Alikuwa jaribio la kisayansi lililofanyika kwa bahati mbaya. Fahali alikuwa makapi makubwa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenu ziwani, mliwahi kupokea fahali?"

Akaiweka chaki mezani. "Kaa chini," akasema.

Nilikuwa nimeshakaa. Nikaelewa kwamba ni jambo ambalo kwao halizungumzwi mbele ya watu.

Lililonichanganya zaidi lilikuja baadaye. Akasema mwamba wa chaki una vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, umejaa maji kama sifongo, lakini vitundu hivyo ni vidogo mno, maji yake karibu hayasogei. Yanayosogea ni yale yaliyo kwenye nyufa, nayo ni machache ukilinganisha.

"Subiri, Mwalimu," nikasema. "Yaani jiwe limejaa maji lakini halitoi, halafu lina ufa usio na maji mengi, na huo ndio unaotoa?"

"Ndiyo."

"Na ufa ukiisha maji?"

"Vitundu huujaza polepole."

"Sasa mtu achimbe kisima wapi?"

"Akikosa nyufa atapata maji kidogo. Akizipata atapata mengi."

"Basi ni bahati!"

"Ni vipimo."

Mwenye bucha aliyekaa nyuma yangu akasema, "Huyu mwamba ana tabia kama bosi wangu wa zamani." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa kama ule mwamba, na hakuna kilichokuwa kikisogea.

Ijumaa hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu. Je, jiwe letu la sabuni nalo linayeyuka? Kwamba ni jeupe, nilijua. Kwamba ni laini, kila mtoto wa Tabaka anajua, maana sote tumeandikia kuta za watu kwa vipande vyake tukachapwa. Kilichobaki ni kuyeyuka.

Nikamkuta Mama kwenye chemchemi pamoja na kina mama wenzake. Hiyo ndiyo kazi yao. Baba Mdogo na wachongaji wengine wakishachonga, kina mama huchukua vinyago, huvitia kwenye beseni la maji na kuvipiga msasa mpaka viwe laini kama shavu. Vumbi la jiwe likiwa kavu huingia kifuani, ndiyo maana hupigwa msasa ndani ya maji. Nikachungulia beseni la Mama. Maji yalikuwa meupe kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

"Mama, kiboko huyu alikuwa na mikwaruzo. Jiwe lililotoka limeenda wapi?"

"Si limeishia kwenye maji?" akajibu bila kuinua macho.

"Limeishia!"

"Unanipigia kelele za nini?"

Limeishia kwenye maji! Ushahidi gani tena nilihitaji? Mama akamwaga yale maziwa pale pale kando ya kaukuta ka chemchemi, kama kina mama wote walivyomwaga tangu nilipopata akili, akateka mengine kwenye kidimbwi chini ya bomba. Mimi nikapanda mteremko mbiombio kwa Baba Mdogo.

"Baba Mdogo, nimegundua. Tabaka yote iko juu ya mapango."

"Karibu, Profesa wa Jioni. Keti. Hayo mapango yana wapangaji?"

"Jiwe letu linayeyuka. Mvua inalila. Ule ufa wako ni shimo la kumeza maji. Chini yake kuna mto. Ule mto ndio uliokuwa ukilisha chemchemi ya Mama. Sasa wewe umechimba kwenda chini, ukaufungulia njia nyingine, mto ukageuka."

Patasi ilisimama hewani. "Ukageukia wapi?"

"Ziwani. Kulekule alikoenda fahali."

Baba Mdogo akacheka mpaka akalazimika kumshika tembo aliyekuwa akimchonga. Lakini watu wawili watatu waliokuwa wamekuja kuchagua mawe hawakucheka. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo maji yetu yanaenda huko bure?" Nikaona cheko la Baba Mdogo linapungua taratibu, kama lile bomba.

Jumamosi ni Sabato, hatufanyi kazi. Kina mama walikuwa wameacha kila kitu Ijumaa jua lilipokuwa linaegemea, Mama akiacha ndoo ya maji meupe ya msasa ambayo hata hakuwahi kuimwaga. Kwa hiyo jaribio langu nilingoja kulifanya Jumapili. Nikachukua gunia la makapi ya wimbi, nikalimwaga kwenye ufa wa shimo la Baba Mdogo, nikamwagia na maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa lake, yeye akinitazama kama mtu anayeona mwanawe akimfundisha kuku kuogelea. Kisha nikakimbia chini kungoja kwenye chemchemi. Watu wakaanza kukusanyika. Kwetu ukikaa ukiangalia kitu bila kusema, baada ya muda mnakuwa kumi.

Tukangoja. Bomba likasema tup, tup. Mtu akaleta ndizi mbivu. Tukala. Halafu mama mmoja akapiga kelele, "Hayo hapo!"

Yalikuwa makapi. Makapi ya wimbi yenyewe, kama saba hivi, yanaelea kwenye kidimbwi chini ya bomba. Nilirukaruka hadi nikapoteza kiatu. Watu wakanipa mikono. Mama akaja akichechemea, akaangalia, akasema:

"Hayo ni yangu. Nilipepetea wimbi hapa asubuhi, upepo ukayaleta."

Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilimsikia, nikiri, lakini nilikuwa nimeshapewa mikono mingi mno. Na kichwani nikajiuliza: kama haya ni yake, ya kwangu yako wapi? Na kama maji ya shimo hayaji hapa, yanakwenda wapi? Na kama hayaji hapa kwa sababu yameelekea ziwani, je, kutokuonekana kwake si ndio ushahidi? Nikazunguka hapo kama maji ya kwenye ufa, na kama hayo maji, nikatowekea humohumo.

Kabla hatujaachana, majirani walikuwa wamekwisha kuamua. Jumapili ijayo kila mwenye wilbaro aje na vifusi, shimo la Baba Mdogo lizibwe, maji yarudi.

Nilimfuata Baba Mdogo kibandani. Sasa hakuwa anacheka. Shimo lile ndilo alilorithi na ndilo lililosomesha watoto wake.

"Kijana wangu," akaniambia, "hawa watu wataniziba."

"Ni kwa muda tu, Baba Mdogo. Mto ukirudi..."

"Mto gani? Umeuona wewe?"

"Si wewe uliyesema? Fahali alipita wapi?"

Akachungulia mlangoni. Nje ya kibanda walisimama majirani wawili, masikio yamechongoka, nao pia walikuwa wamesimuliwa habari za fahali na mtu huyuhuyu kwa miaka, pamoja na omena masikioni. Niliona akipima. Akikana fahali, anakuwa mwongo wa maisha mbele ya kijiji kizima. Akimkubali, analipoteza shimo.

"Fahali yupo," akasema hatimaye, akarudi kupiga patasi kwa hasira ambayo yule tembo hakuistahili.

Mimi nilirudi mjini na jambo moja jema kichwani: mgeni wa heshima. Nikamwambia Mwalimu kwamba Tabaka tumepata mapango ya chokaa, mto wa chini kwa chini na shimo la kumeza maji, na kwamba Jumapili tunaliziba, na tungependa aje ashuhudie. Alikuwa akifunga begi. Akasimama.

"Chokaa? Tabaka?"

"Tena nyeupe, Mwalimu."

"Msizibe kitu mpaka nifike," akasema. Niliona ni heshima kubwa.

Jumapili alifika amevaa viatu vizuri mno kwa mteremko wetu, akamwamkia Mama, "Bwakire!" na Mama akafurahi hata akasahau goti. Juu kwenye shimo, wanaume walikuwa wamepanga wilbaro zao kama magari ya harusi. Baba Mdogo alisimama ukingoni mikono nyuma. Mwalimu akashuka shimoni, kiatu kimoja kwanza halafu kingine, akapapasa mwamba, akaangalia ule ufa. Kisha akaomba limau. Likaletwa. Akalikamua juu ya jiwe, akainama, akangoja. Nasi tukainama.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Limau," akasema mwenye wilbaro mmoja.

"Ingekuwa chokaa, ingetoa povu. Hili halitoi."

"Pengine limau limechacha," nikasema.

"Limau huwa limechacha, ndiyo kazi yake," akajibu Mwalimu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikaribia kucheka. "Nani aliyekwambia jiwe hili linayeyuka?"

"Niliona kwa macho yangu. Twende nikuonyeshe."

Tukashuka wote kwa Mama kwenye chemchemi, mlolongo kama wa mazishi, wilbaro zikabaki. Wiki hiyo Mama hakuwa amepiga msasa hata siku moja. Goti lilimlaza kitandani tangu Jumatatu, na kina mama wenzake walifanyia kazi kwao. Ile ndoo aliyoiacha Ijumaa ya wiki iliyotangulia ilikuwa bado ipo pale kando ya kaukuta, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikalifunua jani kwa mbwembwe nyingi, nikitarajia maziwa.

Maji yalikuwa maangavu. Ungeweza kuhesabu ndani yake kope zako. Chini kabisa palikuwa na kitu cheupe kimelala. Mwalimu akaimwaga ile ndoo polepole, maji yakaisha, na kilichobaki chini hakikutoka. Akakibonyeza kwa kidole. Kilikuwa kizito, kimeshikana kama ugali uliolala.

Nilitazama ndoo. Nikatazama mikono ya Mama. Jiwe lilikuwa limeishia kwenye maji, na sasa lilikuwa limerudi. Sikuelewa kitu.

"Mama," Mwalimu akamwuliza Mama yangu kwa upole, "haya maji ya msasa mnayamwaga wapi?"

"Hapo hapo, mwanangu. Pembeni ya ukuta. Tangu zamani."

"Na wengine?"

"Wote. Hapa ndipo maji yalipo."

Mwalimu akasogea nyuma ya kaukuta, ardhi ikiwa ngumu na nyeupe kama imepigwa lipu. Kisha akashuka upande wa chini, kwenye shamba la nduma la Mama, akapiga hatua moja, kiatu chake kizuri kikazama. Akakivuta, kikatoka na mlio wa kunyonya, kimejaa maji.

"Hapa pamekuwa hivi siku zote?"

"Aa, hapana. Ni tangu bomba lianze kupungua. Nduma zimefurahi, lakini mimi siwezi kusimama hapo, naogopa nitazama kama..." Mama akamtupia Baba Mdogo jicho. Baba Mdogo akatazama mawingu.

"Leteni majembe," Mwalimu akasema. "Chimbeni nyuma ya ukuta. Taratibu, msivunje bomba."

Waliokuja kuziba wakageuka wachimbaji. Baba Mdogo alikuwa wa kwanza kushika jembe, sijawahi kumwona akifanya kazi ya mtu mwingine kwa ari kama ile. Chini ya udongo mwembamba tukakuta tope jeupe, tabaka juu ya tabaka, limekazana, jembe likiingia linang'ang'aniwa. Wilbaro zikaletwa kutoka juu, tukajaza moja nzima, tukajaza nyingine. Nilikuta humo kipande cha mguu wa kiboko aliyevunjika zamani. Tope lilikuwa limezunguka kokoto ambazo wazee walipanga nyuma ya ukuta ili maji yapite, likazijaza kila nafasi. Tukazitoa kokoto, tukazisuuza kwa maji ya mtoni, tukazirudisha.

Mama alikuwa ameketi juu ya mtungi wake uliopinduliwa, anaangalia mdomo wa bomba tu. Bomba likakohoa. Likatema tope. Likanyamaza. Halafu likatoa maji meupe, yakawa ya kijivu, na taratibu yakawa maji, yakaongezeka, yakaruka kutoka kwenye bomba unene wa kidole gumba cha Baba Mdogo, naapa, au tuseme cha kwangu.

Mama akageuza mtungi wake akauweka chini ya bomba. Ulijaa kabla hajamaliza kufunga leso yake. Hakusema habari ya Keroka. Aliinama akanywa kwa kiganja, akanawa uso, akaomba mtungi wa pili.

Mimi nilikuwa nimelowa, nimejaa tope jeupe hadi kwenye nyusi, na moyo umejaa hadi pomoni.

"Mto umerudi!" nikapiga kelele. "Mwalimu, umeurudisha mto!"

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye jiwe akimwaga maji kutoka kiatuni. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeandika jibu la swali lingine.

"Hakuna mto chini ya Tabaka," akasema. "Haya ni maji ya mvua iliyonyesha juu ya mlima huu huu. Yameshuka polepole ndani ya udongo na nyufa ndogo, kama ule wa shimoni, mpaka hapa. Chokaa huyeyuka, ndiyo maana maji huifungulia njia. Jiwe lenu haliyeyuki. Likisagwa linabaki jiwe, tena unga, na unga ukituama unakuwa tope linaloziba. Mlikuwa mkiiziba chemchemi wenyewe, beseni moja baada ya jingine, maji yakakosa bomba yakavujia kwenye nduma. Vinyago vipigwe msasa kule chini ya shamba la nduma, na maji meupe yasimwagwe tena hapa."